Mama Mgonjwa wa Mheshimiwa Wade

"Hospitali? Mimi?"

Bi Bernice Trombley alikuwa kasimama mlangoni, shoka mkononi, kofia ya sufu imekaa upande, mashavu mekundu kama nyanya. Uani kwake kulikuwa na rundo la kuni alizozipasua mwenyewe asubuhi ile.

"Mara ya mwisho kulazwa ni nilipomzaa huyo Wade. Nani kakwambia naumwa?"

Lorna Pelkey aliganda pale kwenye ngazi, theluji inamwingia viatuni, kakumbatia sufuria ya supu ya samaki na viazi. Alijua ufunguo unakaa chini ya jiwe. Alikuja kuacha chakula, Wade akirudi kutoka hospitali akute kitu cha kupasha. Hakutarajia mgonjwa ndiye afungue mlango.

"Wade kasema, Mama. Leo unapasuliwa moyo."

"Napasuliwa nini?"

"Moyo. Kasema yuko na wewe tangu jana, ndiyo maana..."

Hakumaliza.

Lorna na Wade wote walikuwa wabunge wa bunge la jimbo, lile la watu karibu mia nne ambao posho yao ya mwaka hainunui hata matairi ya theluji. Lorna alikuwa dereva wa basi la shule. Wade aliuza matrekta. Vyama tofauti, kambi tofauti, lakini pete ilikuwa kidoleni na harusi ilikuwa Juni. Watu walishazoea kuwaona wakirushiana maneno ukumbini asubuhi, mchana wanachovya viazi vya kukaanga kwenye sahani moja.

Na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kura ya ruzuku. Kambi ya Wade ilitaka jimbo liache kuzipa fedha kliniki zinazotoa mimba. Fedha ni fedha, walisema, ukilipia taa umelipia na kinachofanyika chini ya taa. Kambi ya Lorna ilisema fedha hizo zinapima saratani na kununua dawa za uzazi wa mpango, na zikikatwa, kliniki ya Cutler Falls, mjini kwa Lorna, inafungwa. Kliniki ile ndiyo iliyogundua uvimbe kwenye titi la dada yake, ukiwa bado mdogo kama harage. Dada mtu yupo hadi leo, anakula, anapiga kelele.

Kura zilikuwa zinakaribiana mno. Ndipo juzi Wade akapiga simu huku analia.

"Mpenzi, mama yangu. Moyo. Wanampasua Alhamisi."

"Mungu wangu! Nenda, unangoja nini?"

"Nikikosa kura wakubwa wangu watanitafuna. Labda... tufunge jozi, mimi na wewe?"

Jozi ni mila ya bunge lile tangu enzi za mababu. Mtu akipata msiba au mgonjwa, anamtafuta mmoja wa upande wa pili, wanakubaliana, na wote wawili hawapigi kura. Ndiyo ya huyu inafuta hapana ya yule. Haijaandikwa kwenye kanuni yoyote, ni neno tu, na wazee wa bunge wanaapa halijawahi kuvunjwa.

Lorna alisema ndiyo kabla Wade hajamaliza kupenga kamasi.

Sasa simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa meseji ya Dot Kimball, shoga yake anayekaa naye kiti kwa kiti bungeni, mtu asiyeficha jambo hata umshone mdomo:

"Shoga uko wapi? Mbona Wade wako kaingia? Suti mpya, ananukia kama bwana harusi."

Ikaingia ya pili: "KAKAA KITINI. Kura saa tano. Jibu basi!"

Ilikuwa saa nne na robo. Lorna akampigia Wade. Simu ikaita, ikaita, ikakatwa. Kisha meseji:

"Niko na daktari mpenzi. Mama ndo anaingizwa chumba cha upasuaji. Tuombee."

Lorna alimpa Bi Bernice simu. Mama wa watu akaisoma taratibu, midomo inacheza.

"Tuombee," akarudia. "Haya. Ngoja nimwombee." Akalitupa shoka kwenye kuni. "Nani anaendesha?"

"Mimi, Mama."

"Basi la shule huwa unaliendesha vipi?"

"Polepole."

"Leo hakuna watoto ndani. Lete hiyo supu."

Barabara ilikuwa nyeupe, gari linateleza kwenye kona kama sabuni. Supu ilikuwa ikigonga mfuniko kwenye miguu ya Bi Bernice.

"Mimi na wewe hatukubaliani kwenye hili, unajua," Bi Bernice akasema mwishowe.

"Najua, Mama."

"Ningekuwa na kiti mle ndani, ningepiga kura kama yeye. Nakwambia kabisa ili usije ukasema nilikudanganya."

"Hujawahi kunidanganya."

"Lakini ningeipiga bila kumlaza mama yangu kitanda cha upasuaji!"

Saa tano na dakika kumi Dot akapiga. Lorna akaweka sauti kubwa.

"Tumepigwa, shoga. Mia moja tisini na mbili kwa mia moja tisini na moja. Kura moja! Na ubaoni taa ya Wade ilikuwa ya kwanza kuwaka kijani, ya ndiyo. Kabonyeza hata hakupepesa. Wewe ulikuwa wapi, Lorna? Watu wanakusema vibaya hapa. Wanasema mapenzi yamekulewesha."

"Nilikuwa nampelekea mama yake supu."

Dot akatukana tusi ambalo haliandikiki.

Lorna alipiga usukani ngumi mpaka honi ikalia. "Aliniambia usoni mara mia: Lorna, nakupenda na nitakupinga. Ndicho nilichompendea! Angenipinga tu, jamani. Kwani nilimkataza?"

"Nipe simu," Bi Bernice akasema. "Nampigia Eunice."

Eunice Hadlock alikuwa na miaka themanini na moja, mbunge mkongwe wa kambi ya Wade. Miaka thelathini alikuwa akiipinga ruzuku ile bila kuchoka, na kila Jumamosi alisimama na bango lake nje ya kliniki ya Cutler Falls, mvua, jua, theluji. Jumapili alicheza karata na Bi Bernice.

"Eunice, unaongea na marehemu mtarajiwa."

"Bernice, niko kazini. Na tumeshinda! Nilidhani nitakufa sijaiona siku hii."

"Mmeshindaje?"

Bi Bernice akamweleza yote: jozi, moyo, chumba cha upasuaji, tuombee.

"Alimpa neno?" Bi Eunice akauliza.

"Alimpa, tena kwa jina langu."

"Endesheni taratibu, barabara mbaya. Kura ya leo inaweza kurudiwa leo hii hii, na anayeruhusiwa kuomba irudiwe ni mtu wa upande ulioshinda." Akavuta pumzi. "Na mimi nimeshinda."

Walifika saa saba kasoro. Wabunge walikuwa wamejaa kwenye korido wakimalizia kahawa kabla ya kikao cha mchana. Wade alikuwa katikati ya kundi, anapigwa mabega, anacheka. Akamwona Lorna, kicheko kikapungua. Akamwona aliye nyuma ya Lorna na sufuria. Kikombe kikamponyoka.

"M-mama?"

"Nimepona," Bi Bernice akasema. "Daktari kanishangaa."

Dot akapenya katikati ya watu, mikono kiunoni, asikose neno hata moja.

"Lorna, mpenzi, twende pembeni nikueleze."

"Eleza hapa hapa. Jozi uliivunja mbele ya nani, si mbele ya watu wote hawa?"

"Ni imani yangu. Walio tumboni ni watoto, Lorna. Kwa ajili ya watoto mtu anaweza..."

"Usiwaingize watoto! Bi Eunice ana imani, na hajawahi kunidanganya hata siku moja. Wewe wamekupa nini?"

"Hakuna aliyenipa..."

"Wade. Wamekupa nini?" Lorna akarudia.

Wade akatazama viatu vyake. "Kiti cha seneti. Walisema nikikuweka nje ya kura, watanisimamisha msimu ujao. Nilifikiria sisi wawili! Nilitaka maisha yetu yawe mazuri..."

"Ukaona njia ya kwenda huko inapita kwenye moyo wa mama yako."

"Ni kura moja tu, jamani!"

"Ndiyo. Ilikuwa yangu."

Lorna akaivua pete. Ilikuwa ya mama mzazi wa Bi Bernice, imelika kwa kuvaliwa miaka. Hakumpa Wade. Akageuka, akamwekea mzee kiganjani.

"Samahani, Mama."

"Usiniombe msamaha wewe," Bi Bernice akasema. "Wewe ndiye pekee uliyeniletea supu."

Kengele ikalia. Wakaingia ukumbini. Bi Bernice akapanda kukaa na wananchi huko juu, na sufuria yake.

Bi Eunice hakungoja. Alisimama, fimbo mkono mmoja, kipaza sauti mkono mwingine.

"Mheshimiwa Spika, nilikuwa upande ulioshinda asubuhi. Naomba kura irudiwe."

Kambi yake ikalipuka. "Bi Eunice, kaa chini!" "Mmemlipa nini bibi wa watu?"

"Anayesema nimelipwa aje aseme karibu, masikio yangu mabovu," akajibu. Hakuna aliyekwenda. "Asubuhi jozi ilivunjwa humu ndani. Miaka thelathini nimepiga magoti kuomba ushindi huu. Lakini nilimwomba Mungu. Sikumwomba mwongo."

Waliokubali irudiwe wakaambiwa wasimame. Upande wa Lorna ukasimama wote, na wa upande wa Wade wakanyanyuka mmoja mmoja, macho chini, hadi wakatosha.

"Ndiyo ni kukata ruzuku," Spika akatangaza. "Hapana ni kuibakiza. Bonyezeni."

Dot akamvuta Lorna mkono. "Bonyeza! Kaivunja yeye, wewe hufungwi na kitu!"

"Yeye kavunja neno lake. Langu zima."

"Lorna, kliniki itafungwa! Dada yako atakuelewa?"

Hapo machozi yakamtoka, ya hasira tupu. Kidole kilimwasha kama moto. Akaikalia mikono yake, kama mtoto aliyekatazwa kugusa jiko, akamtazama Wade ng'ambo ya ukumbi. Alikuwa akimpa nafasi. Na kila mtu mle ndani alijua.

Wade aliitazama mikono ile. Akamtazama mkubwa wake wa chama, aliyeitikia kwa kichwa kidogo tu. Akabonyeza. Taa ya kijani ikawaka mbele ya jina lake.

Huko juu, mfuniko wa sufuria ukaanguka.

"Mheshimiwa Spika!" Ilikuwa sauti ya Bi Eunice, na kwenye ubao jina lake lilikuwa bado halina taa. "Iandikwe kwamba Mheshimiwa Pelkey ana jozi. Mwenzake kakimbia. Nakaa mimi mahali pake. Sipigi kura."

Akakaa. Mtu wa kambi yake akamsihi, akainama, akamwonyesha kitufe kama vile hakijui. Bi Eunice akauweka mkoba wake juu ya kitufe, akafumba macho.

Mia moja tisini na moja. Mia moja tisini na moja. Kura zikilingana, hoja imekufa. Ruzuku ikabaki.

Upande wa Lorna ulipiga kelele za shangwe, lakini yeye hakushangilia. Alivuka ukumbi hadi kwa Bi Eunice, akamkuta anafuta miwani kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Bi Eunice, sijui niseme nini."

"Usiseme. Mwakani nitaileta tena, na nitakushinda."

"Jaribu."

"Na Jumamosi nitakuwa nje ya kliniki yako, na bango langu."

"Kutakuwa na baridi. Nitakuletea kahawa."

"Isiwe na sukari," akasema, bado hajavaa miwani.

Jumapili mchana, nyumbani kwa Bi Bernice, karata zilikuwa mezani na supu ile ile jikoni, imepashwa hadi viazi vimelegea. Walikuwa watatu: Bi Eunice, anayeiba karata na kukana, Lorna, kidole kitupu, na mwenye nyumba, pete ya mama yake kidoleni. Nje gari likasimama. Mlango ukagongwa.

"Mama, ni mimi. Najua Lorna yumo. Naomba niongee naye dakika tano tu."

Bi Bernice alimtazama Lorna. Lorna akatikisa kichwa, akacheza karata yake.

"Mama! Huku baridi! Nimewaambia wakubwa kiti chao sikitaki. Mama, unanisikia?"

Mzee akainuka taratibu, akaenda hadi mlangoni, akainamia tundu la ufunguo.

"Mama yako hayupo," akasema. "Yuko hospitali. Kwani hukusikia? Wanampasua moyo."

Akasukuma komeo, akarudi mezani kucheza.