Barua Kumi na Nne Kutoka Milimani

"Usikate simu, Gaudiosa. Nisikilize mpaka mwisho."

"Nakusikiliza, Bethuel. Ila fanya haraka, kuna wenzangu wanasubiri simu."

"Huyo Severin wako ni mwongo. Ati alikuwa akila kwenye mahoteli ya kule milimani, pale matajiri wanapoteleza kwenye theluji. Hajawahi kukaa kwenye meza ya mtu. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Kuna rafiki yangu alimwona kwa macho yake."

"Umemaliza?"

"Jumapili nawaalika chakula cha mchana, nyote, na yule rafiki yako pia. Kuna mgahawa wa Kiswisi pale Gamla stan, mji mkongwe. Tutaona kama anajua hata kushika uma."

"Tutakuja," Gaudiosa akasema, akakata simu.

Alisimama pale kwenye korido ya bweni la wauguzi, Flemingsberg, nje kidogo ya Stockholm, mkono bado uko juu ya simu. Bethuel alikuwa karani wa bima, Mkenya mwenye suti nne, na kwa mwaka mzima alikuwa akimzungukia bila kuchoka. Alidhani amempa habari mpya, maskini.

Chumbani alifungua droo. Barua zilikuwa kumi na nne, zimefungwa kwa kipande cha bendeji. Severin alizituma katika majira mawili ya baridi aliyokaa kule milima ya Alpi, kabla hajarudi Stockholm na kumwomba uchumba. Akachomoa moja:

"Gau wangu, jana nilikula kwenye mgahawa wa juu kabisa, watu wanaingia na mabuti yao ya theluji. Kulikuwa na supu ya shayiri. Shayiri ililowekwa vizuri, ila nyama ya moshi walitia mapema mno, ikakaza. Meza ya dirishani walirudisha nusu bakuli."

Gaudiosa alicheka kama alivyocheka mara ya kwanza. Mlaji gani anajua shayiri ililowekwa? Mlaji gani anahesabu mabakuli yanayorudi?

Baba yake alizungumza vilevile. Alikuwa mpishi wa mapadre kule Bukoba kwa miaka thelathini na mmoja. Jioni akirudi nyumbani hakusimulia nani alikuja misheni, alisimulia sahani zipi zilirudi na kitu. Alikuwa na kisu chake mwenyewe, na kisu hicho hakikuguswa na mtu, hata mama akikosa cha kumenyea ndizi. Kisu hicho ndicho kilichomsomesha Gaudiosa mpaka Ulaya.

Kwa hiyo alijua tangu barua ya pili. Kilichomuuma si jikoni. Kilichomuuma ni kwamba Severin aliona aibu, na alichokionea aibu ndicho kilichomlea yeye.

Chini ya barua zile kulikuwa na nyingine, ya baba: "Huyo kijana anayetaka kukuoa, anafanya kazi gani?" Jibu lilikuwa tayari wiki ya tatu sasa, limeandikwa lote isipokuwa neno moja.

Jumamosi alimweleza rafiki yake Clementina, aliyekuwa akikaa mtaa wa Alby.

"Shoga, si umwulize tu?"

"Nikimwuliza atakiri kwa kubanwa. Nataka aseme mwenyewe."

"Na asiposema?"

"Basi. Siwezi kuolewa na mtu anayeionea aibu kazi ya baba yangu. Kesho ndiyo mwisho, Clementina. Nimechoka kungoja."

"Unampenda lakini."

"Nampenda sana. Ndiyo maana nimeshindwa kulala wiki hii yote."

Mgahawa ulikuwa na kengele za ng'ombe ukutani na mbao za kutelezea juu ya mlango, na Waswidi wamejazana humo mashavu yamewaiva kwa baridi ya Februari. Mwaka huo wa 1976 kila mtu mjini alitaka kuchovya mkate kwenye jibini la moto. Severin alikuja amevaa suti ya kijivu. Mikono aliificha chini ya meza, kwa sababu ilikuwa na alama za kuungua, na aliwaambia watu kwamba ni za pasi.

"Severin ndiye mwenyeji wa vyakula hivi," Bethuel alisema akitabasamu. "Amekula mahoteli yote ya milimani. Si ndiyo?"

"Nimekula kidogo," Severin akasema.

"Kidogo? Sisi tunasikia ulikuwa mteja mkubwa."

Chungu cha jibini kikaletwa, kikawekwa juu ya jiko dogo la moto katikati ya meza. Clementina alichungulia, akarudisha kichwa nyuma.

"Mbona hivi? Mafuta juu, mabonge chini."

"Ndivyo hupikwa huko kwao," Bethuel akasema, akachoma kipande cha mkate. "Wewe umezoea viazi vya kuchemsha. Chakula cha wenyewe kina mambo yake. Ama namna gani, Severin?"

Severin alikitazama kile chungu. Gaudiosa alimtazama Severin. Aliona jasho likimtoka juu ya mdomo, na aliona vidole vyake vikijitokeza pembeni ya meza, vikicheza kana kwamba vinatafuta kitu cha kushika.

Sema, alimwambia kimoyomoyo. Sema sasa hivi.

"Kila hoteli ina namna yake," Severin akasema, macho chini.

Gaudiosa aliweka uma wake. Akavuta mkoba, akaanza kutafuta glovu zake.

"Unakwenda wapi?" Clementina akanong'ona.

"Nyumbani."

Kwenye meza ya jirani mama mmoja mzee wa Kiswidi, aliyevaa pini yake ya Jumapili kifuani, alionja, akakunja uso kwa adabu, kisha akakisukuma chungu chake pembeni, kimejaa karibu kama kilivyokuja. Severin aliliona hilo. Gaudiosa alimwona akiliona, na alimwona mtu mzima akigeuka sura mbele ya macho yake.

Severin akasimama. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?" Bethuel akauliza.

"Hiki chungu kimeharibika. Jibini limekatika. Moto ulikuwa mkali, na aliyekoroga aliacha kukoroga. Hakuna hoteli ya milimani inayoweza kumwekea mtu kitu hiki mezani. Jiko letu lisingekubali."

Akamwita mhudumu, akazungumza naye Kiswidi taratibu, bila kumfokea. Baada ya dakika mbili zikaletwa limau, unga wa viazi, divai nyeupe kidogo na mwiko wa waya wa kuchapia. Severin akakunja mikono ya shati. Alama za kuungua zikaonekana zote, mpaka kwenye kiwiko. Akapunguza moto, akakamua limau, akakoroga unga na divai, akamimina kidogo kidogo huku akichapa kwa umbo la nane. Hakumtazama mtu.

Mafuta yakaanza kumezwa. Mabonge yakalegea. Jibini likaungana, likawa laini na zito, likang'aa. Bila kuulizwa, akaenda kuchukua na chungu cha yule mama mzee, akakitengeneza vilevile, akamrudishia kwa mikono miwili. Mama alionja, akafumba macho.

Bethuel akapiga makofi matatu, polepole.

"Si nilisema? Mpishi."

"Mpishi," Severin akajibu, na sasa sauti yake ilikuwa imenyooka. "Majira ya kwanza niliosha masufuria na kumenya viazi. Mwezi wa nne wakanipa supu. Majira ya pili jibini lilikuwa langu peke yangu. Watu sitini mchana, na hakikurudi chungu hata kimoja. Rafiki yako hakukuambia hilo?"

Kisha akamgeukia Gaudiosa, na ujasiri ukampungua.

"Nimekudanganya, Gau. Barua kumi na nne."

"Moja tu," Gaudiosa akasema. "Ya kwanza. Hizo nyingine ziliandikwa na mpishi."

"Ulijua?"

"Hukuwahi kuandika ulikaa meza gani. Uliandika nani alirudisha nini."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

"Nilitaka nisikie kutoka mdomoni mwako. Ulificha kwa nini?"

"Mjomba alishatangaza kijijini nimekuja kusomea uhandisi. Kwetu mwanamume haingii jikoni. Nikajiuliza, binti nesi, baba yake mwalimu wa misheni, ataambiwa nini? Kwamba ameposwa na mpishi?"

"Nani alikuambia baba yangu ni mwalimu?"

"Ulisema yuko kwa mapadre."

"Yuko kwa mapadre jikoni. Miaka thelathini na mmoja."

Severin alikaa chini kwa uzito.

"Kumbe na wewe ulinificha."

"Nilikuacha uamini ulivyopenda," Gaudiosa akakubali. "Nilitaka kwanza nijue unawaonaje wapishi. Hapo nilikosa. Nisamehe."

"Tusameheane basi."

Gaudiosa akatoa barua kwenye mkoba, akaikunjua juu ya meza, akaweka na kalamu. Severin akaisoma mpaka pale penye nafasi: *Baba, mchumba wangu ni* …

"Jaza mwenyewe," Gaudiosa akasema.

Aliandika kwa herufi kubwa. Clementina akageukia dirisha, akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. Bethuel, aliyekuja kumwumbua mtu, alichovya mkate mara saba mfululizo.

Gaudiosa aliushika ule mkono wenye alama mbele ya Waswidi wote. Hakuwa amewahi kujivunia kitu namna ile, hata siku alipovaa kofia ya uuguzi.

Wiki tatu baadaye simu iliita kwenye korido. Ilikuwa posta, wana telegramu kutoka Bukoba. Gaudiosa akaomba isomwe herufi kwa herufi, maana msomaji hakujua Kiswahili, akaandika nyuma ya bahasha pamoja na kila STOP ya kumaliza sentensi, akaichukua mpaka kwa Severin.

"MPISHI AJE KUOA STOP AJE NA KISU CHAKE STOP CHANGU HAKIGUSWI STOP BABA"

Severin aliisoma akiwa amesimama. Akainama chini ya kitanda, akatoa kisu alichokuja nacho kutoka milimani, kimefungwa kwenye taulo, akakiweka kwenye sanduku kabla ya suti.