Mazoezi ya Kuanguka

Ulimwona. Usijifanye hukumwona. Msichana wa magongo mawili, magoti yakisuguana kila anapopiga hatua, mtaa mzima ukimwita Mikasi mpaka jina lake la shule likasahaulika. Siku ile wahuni walipolipiga teke gongo lake, akaanguka kifudifudi mbele ya duka, wewe ulikuwa unasubiri chenji. Ukageuza shingo. Fundi baiskeli naye akainamia mnyororo kana kwamba ndio ulioumia. Leo ukiuliza, hakuna anayeikumbuka siku hiyo. Mikasi anaikumbuka kila anapojitazama kwenye kioo, maana kovu liko juu ya jicho.

Nyumbani kwao cherehani ndiyo iliyoamka kwanza kila asubuhi. Mama yake ni mshonaji. Majuma hayo hakuwa anashona nguo za watu tu, alikuwa anashona vitu vya chuo. Mikasi alikuwa amefaulu, amepata nafasi katika chuo cha mafundi wa maabara, na angeishi bwenini. Mama alimshonea begi la mgongoni lenye mikanda mipana. Mdogo wake, Bonge, alikata vipande vya tairi akavivisha ncha za magongo. Bonge alikuwa na miaka kumi na minne, lakini kwa kimo na mabega ungemwamkia shikamoo.

"Chakula utabebaje, na mikono yote iko kwenye magongo?" mama aliuliza, sindano mdomoni.

"Kwenye bakuli la mfuniko, mama. Naliweka ndani ya begi."

"Na mchuzi ukimwagika?"

"Nitalamba begi."

Bonge alicheka mpaka mkasi ukamponyoka. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hawakulicheka. Walipokwenda kukiangalia chuo, Mikasi aliona korido ya kwenda bafuni, saruji tupu, maji ya sabuni yametapakaa. Alimuuliza mlezi wa bweni, "Nikianguka hapa, nani ataniinua?"

"Nikiwepo, nitakuinua mimi," mlezi alijibu. "Nisipokuwepo je, binti yangu?"

Tangu utotoni, kabla goti la Mikasi halijagusa sakafu, tayari mama ameshamdaka, au Bonge ameshamnyanyua kama gunia la pamba. Walimpenda hivyo, kwa mikono. Matokeo yake, msichana aliyejua kuzipanga tindikali zote kwa majina hakujua kuinuka chini peke yake.

"Sasa utanipiga teke," alimwambia Bonge waliporudi.

"Nikupige nini?"

"Gongo. Ulipige teke nikiwa natembea, tena usinionye."

"Dada, mimi siwezi. Mama ataniua."

"Mama ndiye anayenishonea sponji za magotini. Ile sakafu ya kule itanionya?"

Walichagua uchochoro nyuma ya ghala, penye saruji kama ya chuoni. Bonge alimwaga maji ya sabuni, akamfuata dada yake kwa nyuma, akapiga teke. Mikasi akaanguka. Akajigeuza tumbo chini, akakusanya magoti, akasimika gongo, akapanda nalo mkono juu ya mkono. Karibu na mwisho gongo liliteleza, akarudi chini kwa kidevu. Ikawa hivyo kila asubuhi. Bonge alikuwa akikalia mikono yake mwenyewe ili isiende kumwinua, machozi yanamtoka, na dada yake anamwambia, "Lia, lakini usinisogelee."

Asubuhi moja mpakizi wa ghalani alipita kwenye kona wakati teke linatua. Hebu lione kwa macho yake: jitu zima linampiga mlemavu kwa nyuma, na mlemavu ana begi jipya mgongoni. Mpakizi hakuuliza. Alitamka neno moja tu.

"Mwizi."

Unajua neno hilo linavyokusanya watu. Mtaa ule ule uliokuwa kipofu siku ya wahuni ulipata macho na miguu kwa pamoja. Fundi baiskeli alikuja na spana. Mwenye duka akaja na rungu la mlinzi. Wengine walikuja na mikono mitupu wakaokota matofali njiani. Ngumi ya kwanza ilimpata Bonge mdomoni, meno mawili yakatoka. Alipojikinga kwa mkono, rungu lilishuka juu ya mkono huo, na mfupa ukalia kama ubao unaovunjwa.

"Ni mdogo wangu," Mikasi alipiga kelele kutoka chini. "Mwacheni, mimi ndiye niliyemtuma."

"Pole dada, tuko hapa, usiogope," mpakizi alimwambia. Akambeba begani na kukimbia naye, akaenda kumketisha juu ya rundo la magunia mlangoni mwa ghala. Magongo aliyaacha kule kule uchochoroni. Kwake yeye hiyo ilikuwa huruma. Alikuwa amempokonya miguu.

Kutoka juu ya magunia Mikasi alimwona Bonge amepiga magoti, uso mwekundu kwa damu, na kijana mmoja ameinua tofali kwa mikono miwili.

Alimng'ata mpakizi mkono mpaka akaonja damu. Mpakizi akamwachia, naye akajitupa chini. Akatambaa kwa viwiko katikati ya miguu ya watu. Mmoja alimkanyaga vidole bila kujua. Akayafikia magongo. Tumbo chini, magoti, gongo kwenye saruji ile ile yenye sabuni. Safari hii hapakuwa na wa kulia wala wa kumtazama, na gongo halikuteleza. Alipanda mkono juu ya mkono, akasimama. Kisha gongo la pili akalishusha kwa nguvu zake zote kwenye kiwiko cha mwenye tofali. Tofali lilipita kando ya kichwa cha Bonge, likapasuka vipande chini.

"Nimesema ni mdogo wangu," alisema, anahema. "Ananifundisha kuanguka ili niende chuo. Ninyi mlinifundisha lini?"

Hapo ndipo mwenye duka alipoliweka rungu chini. Bonge aliinua uso uliovimba. "Dada," alisema kwa kitembe cha mtu asiye na meno ya mbele, "umesimama."

Hospitalini walimfunga Bonge mkono plasta. Jioni wanaume walifika mlangoni kwa mama na pole zao, kofia mikononi. Fundi baiskeli ndiye aliyesukumwa mbele.

"Mama, tusamehe. Tulikuwa tunamtetea binti yako."

Mama aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukaisha, ndipo akainua uso.

"Walipompasua uso mbele ya duka ulikuwa hatua tatu kutoka kwake. Gharama za hospitali mtalipa, hilo halina mjadala. Samahani siitaki bado. Njooni kesho uchochoroni."

Walikwenda. Aliwapanga ukutani, mikono nyuma. Mikasi akatembea, naye mama akampiga teke gongo mwenyewe. Alianguka vibaya, kiwiko kikachubuka. Mpakizi aliruka mbele.

"Rudi ukutani," mama alisema. "Kama unataka kusaidia, muulize."

Mpakizi alirudi ukutani. "Dada, nifanye nini?"

"Sogeza hicho kipande cha tofali," Mikasi alijibu kutoka chini, "halafu uninyamazie."

Alikisogeza. Wakamtazama akiinuka, polepole, mpaka mwisho, na hakuna aliyegeuza shingo. Aliposimama mama aliwaambia, "Mwanangu hakuhitaji mtu wa kumbeba wala wa kupigana kwa niaba yake. Alihitaji mtu wa kumuuliza. Mimi niliyemzaa nilichelewa kulijua hilo, na ninyi mmelijua kwa meno ya mwanangu mwingine. Msilisahau."

Mikasi yuko chuoni sasa. Huanguka, huinuka. Fundi baiskeli na mpakizi walimwaga saruji wakaweka mteremko mlangoni pa duka.

Na wewe? Darasani kwako yupo anayebaki kwenye kiti kile kile wengine wakitoka kucheza, kwa sababu mlangoni pana ngazi na hakuna aliyejali. Unamjua. Funga kitabu hiki, inuka, nenda ukamuulize anataka nini, ukalifanye hilo alilokujibu. Usingoje kengele ilie.