Kizimapua Katika Wodi ya Vidonda

Roboti muuguzi lilipofungua bendeji ya mguu wa Mbaruku, shangazi Kibibi alikuwa anakula sambusa, na hakuacha kula. Alitafuna huku akiuangalia ule mguu uliooza kuanzia kifundo hadi karibu na goti, akajifuta mafuta mdomoni, akasema, "Huyu ndugu yako mwingine naona siku hizi anaoga."

Wodi nzima ilicheka, na Mbaruku akacheka kuliko wote. Kidonda kisichopona huitwa kidonda ndugu, kwa kuwa hakikuachi popote uendako. Yeye alimpata ndugu huyo siku bomba la tindikali lilipompasukia akiwa kazini, kwenye reli ya kurushia vyombo angani pale Segera. Kwa miezi mingi shangazi alimsalimia kutoka dirishani, ushungi umebanwa puani. Zena, mkewe, alikuwa akiacha chakula mlangoni na kuondoka mbio. Sasa Zena alikuwa amekaa kitandani, kichwa chake begani kwa mumewe, anamtolea samaki miiba na kumlisha.

Siwema, mdogo wake Mbaruku, aliwatazama akiwa kando ya mtambo alioubuni mwenyewe. Ulikuwa na umbo la mtungi wa gesi, na ulipumua ukungu usioonekana kwa macho. Aliuita kizimapua. Wengi walidhani unaua harufu, naye hakuchoka kueleza kwamba harufu ipo palepale.

"Ndani ya pua kuna vipokezi," alikuwa amemweleza Zena siku ya kwanza. "Vifikirie kama matundu ya soketi. Harufu ikichomekwa kwenye tundu lake, umeme unakwenda kwenye ubongo kusema hapa pananuka. Dawa yangu inaingia kwenye tundu lilelile na kukaa, ila yenyewe haipitishi umeme. Harufu ikija inakuta pamejaa."

"Kwa hiyo inabaki nje inapiga hodi?"

"Inapiga hodi, hakuna wa kuitikia."

Zena alicheka, akavuta pumzi kwa hofu, akavuta tena. Kisha akaingia hadi kitandani na kumkumbatia mumewe. Siku hiyo Siwema alilia kwa furaha chooni, asionekane. Alikuwa mkemia kijana, na aliamini kwa moyo wote kwamba kazi ya sayansi ni kuwarudisha watu pamoja. Tena ukungu ulikuwa wa kusubiria tu, mpaka ifike zamu ya Mbaruku ya kupandikizwa ngozi iliyooteshwa maabara. Ngozi ile ingeuokoa mguu.

Zamu haikufika. Siwema alipoona jina la kaka yake limetoweka kwenye ratiba, alikwenda kwa Daktari Lukwaro, mganga mkuu.

"Limeondolewa, ndiyo," daktari alisema, akimvutia kiti. "Na ya wenzake wote wa wodi ile. Kaa, binti yangu. Umetuokoa kweli."

"Nimewaokoa na nini, dokta?"

"Na kelele. Jiji lilikubali kulipia ngozi kwa sababu wageni walilalamika, majirani wakalalamika, wauguzi wakagoma. Tangu uwashe mtambo wako, hakuna hata mmoja. Basi fedha za ngozi zimeagiza vizimapua vingine. Tutaweka machinjioni, tutaweka kwenye mabweni ya vibarua. Jiji zima litapumua."

"Lakini wanaoza!"

"Nani amelalamika?"

"Wagonjwa je?"

"Wagonjwa kilio chao kilikuwa upweke. Nenda kawaangalie, wako wapweke?" Daktari alitabasamu kwa upole. "Mguu ukifika pa kukatwa, tutaukata. Kukata hakuna gharama."

Siwema alirudi wodini wakati wa kuona wagonjwa, vitanda vyote vimezungukwa na ndugu. Alifikiri hivi: wakiisikia tena ile harufu watapiga kelele, na wakipiga kelele ngozi italetwa. Akainama, akafunga koki ya mtambo.

Dawa hung'oka kwenye vipokezi polepole. Kwanza mazungumzo yalipungua. Mkono wa Zena ulisimama hewani, tonge likiwa kwenye vidole. Shangazi Kibibi akanusa, akageuka huku na huku.

"Jamani, kuna panya kafa humu?"

Kisha macho yake yakaangukia mguuni. Mtu mmoja akasimama, wakasimama watatu, na muda si muda wakawa wanasukumana mlangoni. Zena alitoka bila kuaga, tonge bado mkononi.

"Nendeni kwa daktari mkuu!" Siwema aliwapigia kelele. "Mwambieni!"

Walikwenda kweli. Sauti zao zilisikika hadi wodini, ya shangazi ikiwa juu ya zote: "Mtambo umeharibika! Leteni fundi!" Hakuna aliyetaja mguu.

Siwema aligeuka amwambie kaka yake neno, na hapo harufu ikamfikia na yeye. Tangu atengeneze kizimapua alikuwa akiishi ndani ya ukungu wake. Alikuwa amekwisha kurudi nyuma na kuziba pua kwa kitambaa kabla hajajua anafanya nini.

Mbaruku alimwona.

"Hata wewe, mdogo wangu."

"Kaka, nilitaka wakuone."

"Walikuwa wananiona. Zena alikuwa ameniegemea hapa."

"Mguu utakatwa! Na wakichelewa kuukata, utakufa wewe."

"Mguu ni wangu, nausikia unavyokwenda. Fungua koki."

"Kaka, tafadhali—"

"Fungua, Siwema. Fungua kabla hajafika nyumbani."

Alifungua. Wakaanza kurudi mmojammoja, wakijifanya kutafuta vitu walivyosahau. Zena aliingia wa mwisho, macho chini.

"Nilitoka kupokea simu," alisema.

"Nani alipiga?"

"Mama. Anakusalimu."

"Na yeye msalimie," Mbaruku alisema, akamsogezea nafasi kitandani.

Siwema alibaki kwenye kona, kitambaa puani, akisubiri aweze kusogea. Harufu ya kaka yake ilipungua, ikawa kama inatoka chumba cha jirani, kisha ikaisha kabisa, kana kwamba amepona.