Mstari wa Maji

Kabla ya kwenda shule kila siku, Karani alikuwa na kazi moja: kumsaidia mama yake kukamua mashuka. Mama alishika ncha moja, yeye akashika nyingine, kila mmoja akasokota upande wake mpaka shuka likanyongeka na maji yakatiririka uani. Mama yake alikuwa dobi. Bomba lilikuwa hapohapo mlangoni, na maji yalihesabiwa ndani ya kodi ya nyumba, kwa hiyo yalimwagika kutwa nzima bila mtu kuyafikiria. Kila nguo ilisuuzwa mara tatu. Maji ya kwanza yaliondoa uchafu, ya pili yaliondoa povu, ya tatu yalitiwa bluu ya kung'arisha.

"Nguo iliyosuuzwa mara mbili si safi," mama alipenda kusema. "Ni tambara lililonawa uso."

Jina la Karani alipewa na baba yake, kwa sababu msichana huyu wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeandika kila kitu nyumbani. Mama alisoma kwa kusuasua. Baba, fundi seremala, hakuandika chochote zaidi ya vipimo vya mbao.

Jioni moja baba alirudi akiwa na habari. Kiwanda cha samani katika jimbo jirani kilimtaka, tena kwa mshahara unaokaribia mara mbili ya kipato chake.

"Mara mbili!" alidakia jirani kutoka upande wa pili wa ukuta. Mtaa mzima ulimwita Bi Redio kwa kuwa hazimiki. "Mnangoja nini? Mimi ningekuwa nimeshapanda gari!"

"Wewe ungepanda hata lori la mbuzi," mama alimjibu, kisha akamgeukia baba. "Mshahara mkubwa peke yake haunitoi hapa, baba Karani. Nataka kujua huko tutalala wapi, tutakula nini, tutaishije. Karani, mpigie simu shangazi yako. Uandike kila atakachosema."

Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameishi katika jimbo hilo miaka mitano. Karani alichora safu mbili daftarini, HAPA na KULE, akaanza kuuliza. Kodi ya kule ilikuwa juu zaidi, ilizidi waliyokuwa wakilipa kwa karibu nusu. Bei ya unga ilikuwa ileile. Kiwanda kilikuwa mwendo wa miguu kutoka mtaani, nauli isingehitajika. Zahanati ilikuwa karibu.

"Na shule, shangazi?"

"Shule nzuri, mwanangu. Darasa moja watoto thelathini na tano. Kila mtoto na dawati lake. Kuna na maktaba."

Kalamu ya risasi ya Karani ilisimama. Darasani kwao walikuwa themanini na sita, naye aliandikia magotini tangu mwaka uanze.

"Halafu mwambie mama yako habari ya maji," shangazi aliendelea. "Bomba hutoka mara moja kwa wiki, tena likijisikia. Siku nyingine tunanunua kwa madumu, na dumu moja ni bei ya mkate. Umeandika?"

"Nimeandika, shangazi."

Alikuwa ameandika neno moja tu: Maji. Alilitazama kwa muda. Aliona dawati, dawati lake mwenyewe, lenye nafasi ya viwiko viwili. Akachukua kifutio akalifuta. Alijiambia kwamba hajamdanganya mama, kwani mama mwenyewe hakuuliza maji.

Mama alifuata mistari kwa kidole, moja baada ya nyingine, midomo ikichezacheza. Alipofika mwisho aliinua uso.

"Ni haya tu?"

"Ni hayo tu, mama."

"Basi tunahama."

Tangu siku hiyo mambo yalikwenda kama baiskeli isiyo na breki. Mwenye nyumba alipata mpangaji mwingine kabla ya wiki kwisha. Baba aliuza kabati na meza. Mama aliwaaga wateja wake mmoja mmoja, na wengine walimlilia kama mtu anayefiwa. Karani alijaribu kusema. Mara ya kwanza mama alikuwa na mgeni. Mara ya pili alikuwa amebeba godoro kichwani.

"Mama..."

"Sema upesi, shingo inavunjika."

"Hakuna kitu."

Mara ya tatu wote walikuwa tayari juu ya lori, na mpangaji mpya alikuwa anafagia chumba chao.

Nyumba mpya ilikuwa na rangi safi na dirisha pana. Shuleni Karani alipewa dawati, kama shangazi alivyosema. Aliweka viwiko vyake viwili juu yake, akangoja furaha ije. Haikuja. Asubuhi ya kwanza mama alikuwa amefungua bomba. Lilikohoa, likatema tone moja lenye kutu, likanyamaza.

"Limeharibika," mama alisema. "Litatengenezwa."

Halikuwa limeharibika. Wateja walipatikana upesi, maana mtaa mzima ulikuwa na nguo chafu. Lakini kila beseni lilikula madumu mawili, na kufua mashati sita kuligharimu karibu sawa na malipo ya mashati sita. Shangazi angewasaidia kutafuta njia, ila alikuwa amesafiri kwenda kumlea binti yake aliyejifungua. Mshahara wa baba uliingia ukagawanyika: kodi huku, maji kule. Mama akaanza kusuuza mara mbili.

Asubuhi ya Jumamosi mteja mmoja, mhasibu mwenye tai, alirudi ameshika shati lake kwa vidole viwili.

"Mama, hili shati linaniwasha kama upupu. Tazama, lina mistari ya sabuni. Nimekaa kwenye mkutano najikuna mbele ya mkurugenzi!"

Mama hakubisha. Alirudisha pesa, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa, akaweka mikono mapajani. Karani aliitazama mikono ile. Ilikuwa mikavu. Maisha yake yote hakuwahi kuiona mikono ya mama mikavu mchana. Alitaka kukimbia, lakini hakuwa na pa kukimbilia. Hapakuwa na mgeni, wala godoro, wala lori.

"Mama, shangazi aliniambia habari ya maji," alisema. "Aliniambia yote. Niliandika, nikafuta. Nilitaka dawati."

Mama aliendelea kuitazama mikono yake. Karani angependa apigwe, kwa sababu kipigo kina mwisho.

"Na mimi," mama alisema hatimaye, "dobi mzima, nimeuliza bei ya unga nikasahau kuuliza maji! Kosa langu nalibeba. Lako pia utalibeba. Simama. Uliufuta mstari, leo utaujaza kwa miguu."

Walizunguka tangu asubuhi ile. Kila penye tangi, Karani ndiye aliyepiga hodi na kuomba maji ya kufulia. Kwenye banda la kuosha magari waliambiwa maji ni ya magari. Kwenye kiwanda cha matofali mlinzi hakufungua hata geti. Mwenye duka moja alicheka: "Maji? Mkiyapata, mniite na mimi!" Kufikia alasiri walikuwa wamefukuzwa mahali saba, na Karani alikuwa ameacha kuhesabu hatua.

Mahali pa nane palikuwa nyumba ya wageni yenye kisima cha pampu. Msimamizi wake, mwanamke mnene mwenye funguo kiunoni, alikuwa anaanza kutikisa kichwa, lakini mama hakumtazama yeye. Alikuwa anapapasa shuka lililoanikwa kambani.

"Nani anakufulia haya?"

"Kuna watu huja kuyachukua. Kwa nini?"

"Yamesuuzwa mara moja. Lione, limegeuka rangi ya majivu, na mgeni wako analala anajikuna." Mama alisema kwa upole, lakini alikuwa amesimama wima kwa mara ya kwanza tangu wahame. "Niruhusu nifue hapa. Mashuka yako kwanza, kwa nusu ya unacholipa sasa. Nikimaliza, nifue ya wateja wangu kwa maji yako."

Msimamizi alilipapasa shuka, akalinusa. "Wiki moja ya majaribio. Na sabuni ni yako."

Wiki moja ikawa mwezi. Haikuwa kama kwao. Mama sasa alifua uani kwa mtu, kwa saa za mtu, na Karani alimsaidia kila Jumamosi na Jumapili mpaka vidole vikakunjamana. Lakini kodi ililipika, na mhasibu mwenye tai alirudi, akiwa na mashati manne.

Jumamosi moja baba alipitia pale akitoka kazini, akauliza, "Mama Karani, kama ungejua habari ya maji, tungehama?"

"Sijui," mama alisema. "Na hilo ndilo linaloniuma, sitajua kamwe." Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, mtu anayehama anahitaji zaidi habari mbaya kuliko nzuri. Nzuri ataikuta akifika. Mbaya ndiyo ajipange nayo. Ningetafuta kisima kwanza, nyumba baadaye. Uliponificha, uliniamulia maisha yangu bila kuniuliza, nami ni mama yako."

Karani aliinamisha kichwa. Kisha akakiinua.

"Mama, kuna jambo lingine. Msimamizi amesema pampu itafunguliwa Jumatatu kutengenezwa. Siku tatu hakutakuwa na maji."

Baba akashika kiuno. Mama akafunga macho kidogo, akayafungua.

"Siku tatu," alisema. "Ni mbaya. Vizuri umesema leo. Basi twende tukawaambie wateja wenye haraka walete nguo kesho, na wengine wangoje."