Kengele ya Galana

Mzoga ulikuwa chini ya jabali, miguu juu. Inspekta Begoña Lastra alikuwa juu ya jabali, amevaa koti la mvua la kuazima, akijiuliza ni kosa gani alilomfanyia Mungu.

Alikuwa likizo! Daktari wa polisi kule mjini Gijón alimwamuru atafute shamba linalopokea wageni milimani, ale, alale, asisikie habari za upelelezi. Akalipata hili la Mzee Argimiro na mkewe Etelvina: vyumba juu, zizi chini, ukungu kila mahali. Na sasa, hata kahawa hajaionja, ameburutwa kwenye eneo la tukio kuchunguza kifo cha ng'ombe.

"Si ng'ombe tu," Argimiro alimrekebisha. "Ni Galana. Kiongozi wa kundi."

"Mzee, kuna askari wa bondeni."

"Hawapandi na ukungu huu. Kwani wewe si polisi?"

"Polisi aliye likizo."

"Basi umepata bahati. Huna kazi nyingine."

Begoña alimeza jibu lake. "Haya. Ilikuwaje?"

"Galana hulala nje kiangazi chote. Kengele yake naisikia kutoka kitandani. Ikielekea huku korongoni, naamka namfuata. Jana haikulia kabisa. Mtu kaiiba! Ni yule wa Madrid."

Wa Madrid alikuwa Borja Quesada, mgeni wa chumba cha pili, ambaye mezani jana alilalamikia kengele, jogoo na hata harufu ya samadi. Begoña naye alitamani kumkamata, ila kwa kelele zake mwenyewe.

Aliteremka korongoni kwa makalio. Suruali ikachanika. Alipomfikia Galana, akakuta kengele ipo palepale shingoni. Akaitikisa. Kimya. Akaingiza vidole ndani: majani makavu, yameshindiliwa hadi juu, yamesokotwa kwa ustadi yasidondoke.

Akapanda kwa hasira zaidi kuliko alivyoshuka, akarudi nyumbani pamoja na Argimiro.

Borja alikuwa mezani, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kiti.

"Uliigusa kengele ya Galana?"

"Sijaigusa."

"Bwana Quesada, sijanywa kahawa."

Borja akalegea. "Juzi nilijaribu kuivua. Yule mnyama ana kichaa! Tazama." Akapandisha mguu wa suruali. Alama ya kwato ilikuwa wazi pajani, imeiva zambarau, haikuhitaji maabara.

"Na jana ukarudi na majani?"

"Majani? Ya kumlisha?"

Begoña alimtazama machoni. Kwa miaka yake yote kazini alikuwa amewahoji waongo wa kila aina, na huu haukuwa uongo. Mtu huyu hakujua kengele huzimwaje. Ilimuudhi sana kumfuta kwenye orodha ya watuhumiwa.

Akamgeukia Argimiro. "Nani huziba kengele kwa majani?"

Mzee akasitasita. "Sisi wachungaji. Ukitaka kupitisha ng'ombe malishoni kwa jirani, asisikie."

"Na Galana alikubali nani amshike shingo?"

"Mimi. Na..."

Hakumaliza. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni.

Etelvina alisimama pale, mkate kifuani, kisu mkononi. Akaviweka mezani taratibu.

"Ni mimi. Msihangaike."

"Kwa sababu ya mgeni?" Begoña aliuliza.

"Mgeni? Huyu ningemfunga kengele yeye, nijue alipo nimkwepe." Borja akateremsha mguu wa suruali yake. "Ni kwa sababu ya huyu mume wangu. Baba yake alimfuata ng'ombe kwenye ukungu, wakamrudisha maiti, amelazwa juu ya ubao wa mlango. Masika yaliyopita, huyu naye akateleza palepale, mbavu zikavunjika. Daktari akamwambia moyo umechoka. Lakini kengele ikilia tu, huyoo!"

"Ng'ombe wangu, Telvina!"

"Nilikuomba tumlaze zizini. Ukacheka. Nikaona, asiposikia, hatatoka. Nikaiziba."

"Ulijua Galana angeweza kufa?" Begoña aliuliza.

"Nilijua. Nilimkamua mwenyewe tangu uzao wake wa kwanza, Bi. Inspekta. Nilimbusu usoni, kisha nikashindilia." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Ilikuwa yeye au huyu."

Argimiro aliinamia meza. "Ungeniambia."

"Nimekuambia miaka yote! Kengele ya ng'ombe ng'ambo ya bonde unaisikia. Mimi niliye kitandani pako, hunisikii."

Begoña alijaribu kukumbuka kifungu cha sheria kinachohusu jambo hili, akaghadhibika zaidi kwa kukikosa.

Kisha akagundua jambo. Nje palikuwa kimya mno.

"Mama Etelvina. Na wale wengine?"

"Nimewaziba wote."

Argimiro aliinuka kama aliyechomwa mwiba, akakimbilia mlangoni. Etelvina alikuwa amefika kabla yake. Akatandaza mikono, akashika miimo ya mlango kwa nguvu zake zote, mwanamke mdogo, vidole vimegandiwa na unga.

"Telvina, pisha."

"Sipishi."

Mzee aliinua mkono kumsogeza. Ukabaki hewani. Akamtazama mkewe usoni, kwa muda mrefu, kisha akaushusha na kurudi kitini.

"Wanapenda kukaa kwenye chemchemi, upande wa juu," alisema kwa sauti ndogo. "Waiteni polepole."

Begoña alivuta koti lake lililolowa, akalitukana kimoyomoyo.

"Bwana Quesada," alisema, "vaa viatu."