Kipande cha Nne cha Kitabu cha Baiolojia

Kila siku ya likizo, Hope alianza na maji. Aliamka, akapanga foleni bombani na mtungi wake wa manjano, akarudi akaosha vyombo, kisha akamvalisha mdogo wake Billy suruali ambayo Billy angeivua tena muda si mrefu. Mama yao, Nereah, alikuwa ameshatoka kwenda kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki yenye nyama kidogo ambayo watu wengi wa Kibera huila na ugali. Baba yao, Opondo, alikuwa ameshafika kando ya Ngong Road anakotengeneza makochi. Kazi za nyumbani zilipoisha, Hope alikwenda kukaa kwenye benchi la jirani yao, Anti Mumbua, aliyesuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, mlangoni pake na kuviuza Soko la Toi. Hapo palikuwa na mwanga mzuri, na hapo ndipo Hope aliposomea baiolojia.

Kitabu chenyewe kilikuwa na historia yake. Mwalimu Angeline, mlezi wa chama cha sayansi shuleni, alikipata Toi kikiwa kikuukuu, kinene, cha wanafunzi wa sekondari, kinachoeleza kila kitu kuanzia jani la mhindi hadi figo ya binadamu. Kitabu kilikuwa kimoja na wanachama walikuwa wengi. Basi mwalimu akakipasua mgongo, akakigawa vipande vinne na kukishona kila kipande kwa uzi, ili wanafunzi wanne waweze kusoma nyumbani kwa wakati mmoja na kubadilishana. Aliwaonya kwamba mtu akifika mwisho wa kipande chake, amtafute mwenye kinachofuata kabla hajasema ameelewa. Wote waliitikia "ndiyo, mwalimu", kwa sauti ile ile ambayo wanafunzi huitikia jambo wasilokusudia kulifanya.

Hope alipewa kipande cha tatu. Cha nne kilichukuliwa na rafiki yake Lavender, ambaye likizo hii alikuwa kwa shangazi yake Gatina, kule Kawangware.

Na lazima tuseme kweli, kipande kile kilimfaa. Kilimweleza kwa nini moyo wake ulikwenda mbio alipopandisha mtungi wa maji. Billy alipoharisha, Hope ndiye aliyekumbuka kwamba mwili hupoteza maji na chumvi. Alimwambia mama wampe mtoto maji yenye chumvi na sukari huku wakimpeleka kwenye zahanati, na nesi akamsifu mbele ya watu. Tangu siku hiyo Hope alikiamini kitabu kile kuliko alivyomwamini mtu yeyote, na shida ilianzia hapo.

Alasiri moja alifika ukurasa wa mwisho wa kipande chake. Ulihusu makundi ya damu. Mtoto, kitabu kilisema, hurithi kundi lake la damu kutoka kwa wazazi wake. Baba wa kundi A na mama wa kundi A huweza kupata mtoto wa kundi A. Sentensi iliyofuata ilianza kwa "Hata hivyo", kisha kipande kikaisha. Hope hakuyajali maneno hayo mawili, kwa sababu mawazo yake yalikuwa yameshakimbilia nyumbani.

Alijua makundi ya damu ya wazazi wake na lake mwenyewe. Mwaka uliotangulia alirudi kutoka kwa nyanya yake Homa Bay akiwa na malaria kali, damu ikapungua mwilini, na hospitalini wakaambiwa kwamba akiba ya damu ya kundi lake, O, imekwisha. Baba alikunja shati, akapimwa, akawa A. Mama alipimwa, akawa A. Wote wawili waliambiwa kwamba damu yao haimfai mtoto. Anti Mumbua, aliyekuwa amepeleka uji tu, akapimwa naye, akawa O, akatoa damu. Opondo alimsimulia hadithi hiyo kila mgeni aliyebisha hodi, na Hope alikuwa ameizoea kama hadithi ya bahati njema. Sasa aliiona kwa jicho jingine.

A na A, aliwaza, na mimi O. Aliinua macho akamtazama Anti Mumbua, ambaye hakuwa na mtoto, na ambaye siku zote alimwita "mwana wakwa", yaani mtoto wangu kwa Kikamba. Alimtazama paji la uso, akamtazama mikono. Akaamua kwamba vidole gumba vyao vinafanana, ingawa vidole gumba vya watu wengi hufanana tu.

Kuanzia hapo, kila kitu kikawa ushahidi. Simu ya mama ilijaa picha za Billy akiwa mchanga, lakini ya Hope haikuwamo hata moja. Mama alimweleza kwamba simu yao ya zamani iliibwa na picha zake zote, na Hope akajiambia kwamba jibu hilo limekuja haraka mno. Billy alikuwa na masikio ya baba, yeye hakuwa nayo. Anti Mumbua akileta ndizi, kubwa ilikuwa ya Hope. Nani humpa mtoto wa jirani ndizi kubwa bila sababu?

Jioni moja alikuwa akirudi kutoka dukani na unga, akasikia sauti za chini ndani ya nyumba yao. Akasimama nyuma ya pazia la mlango.

"Tutamwambia lini?" mama aliuliza.

"Ngoja kidogo, Mama Hope," Anti Mumbua akajibu. "Nitamwambia mwenyewe. Najua ataumia."

Hope alipoingia, mama akaanza ghafla kuzungumzia mvua. Machozi yalikuwa karibu, lakini hasira ilikuwa karibu zaidi. Katika ploti yao ya vyumba vya kupanga, mzazi huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, na Nereah alikuwa Mama Hope kwa kila mtu: kwa wateja wa samaki, kwa mwenye nyumba, kwa waumini wenzake kanisani. Hakuna aliyewahi kumwita vingine.

Hope aliweka pakiti mezani. "Unga ndio huo, Mama Billy," akasema.

Mwiko aliokuwa ameushika Nereah ulisimama ndani ya sufuria. Anti Mumbua aliinamisha kichwa, akaaga kwa sauti ndogo, akatoka. Opondo alipofika na kuelezwa, alimwuliza Hope kulikoni, kwanza kwa upole, halafu kwa ukali, na mara zote mbili Hope alijibu kwamba hakuna kitu. Mama aliwapakulia wenzake, yeye mwenyewe hakula. Hope aliliona hilo, likamchoma, lakini akajikaza.

Sasa alikitaka kipande cha nne. Hakukitaka ili aujue ukweli, maana alidhani tayari anao. Alitaka kuwawekea wazazi wake ushahidi kamili mezani, waone haya. Kesho yake asubuhi aliomba ruhusa ya kwenda kwa Lavender kubadilishana vipande, na mama akaitikia kwa kichwa bila kumwangalia. Hope alikata njia ndani ya Soko la Toi, akavuka Ngong Road mbali na karakana ya baba yake, akatembea hadi Gatina.

Lavender alimpokea mlangoni. "Niaje, Hope? Mbona unakaa kama mtu ametoka matanga?"

Waliketi kwenye ngazi za ghorofa, na Hope akamweleza yote. Lavender ni msichana anayecheka hata mambo yasiyochekesha, lakini siku hiyo hakucheka. Aliingia ndani akatoka na kipande cha nne, akauliza cha mwenzake kiliishia wapi, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kusoma polepole. Hata hivyo, kitabu kiliendelea, mtu wa kundi A anaweza kuwa amebeba O iliyojificha, aliyoirithi kutoka kwa mzazi wake mmoja. Watu wawili wa namna hiyo wakizaa, mtoto anaweza kuchukua O ya baba na O ya mama, naye akawa O. Chini yake palikuwa na mchoro wa baba, mama na watoto wanne, na mtoto mmoja alikuwa wa kundi O.

Hope aliuchukua ukurasa akausoma mwenyewe. Akausoma tena.

"Kwa hivyo inawezekana," alisema.

"Inawezekana kabisa. Na wewe ulishakata kesi."

"Lakini inawezekana tu. Na yale walikuwa wananong'ona?"

"Hiyo haiko kwa baiolojia," Lavender akasema. "Hiyo unaenda kuuliza mathe wako."

Hope alirudi Kibera akiwa na vipande vyote viwili kifuani, chake na kile alichoazimwa na Lavender. Furaha haikuwa imefika bado, aibu ndiyo iliyotangulia. Alimkuta mama yake kwenye karai la samaki, wateja wakisubiri, akasimama kando mpaka wa mwisho alipoondoka. Kisha akasema yote, kuanzia makundi ya damu hadi ndizi, bila kuficha hata lile la kusikiliza nyuma ya pazia.

Nereah aliliondoa karai motoni, akakaa kwenye kigoda.

"Nilikuzaa kwa nyanya yako, Homa Bay," alisema. "Ulitoka umenyamaza, nikadhani nimekupoteza. Mkunga alikusugua mgongo mpaka ukalia. Mimi ndio nilikuwa hapo, Hope." Akapangusa macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na mafuta. "Na yale ulisikia, ni kwamba Anti Mumbua anarudi Kitui. Mama yake amepooza, hana mtu wa kumtunza. Alikuwa anatafuta namna ya kukuambia."

Hope alipiga magoti pale pale kwenye vumbi akaomba msamaha. Mama alimwinua.

"Hiyo kitabu haikukudanganya. Imesaidia hata Billy. Lakini wewe uliikatiza ikiwa bado inaongea, na sisi hukutuacha hata tuanze. Kitu kikikutatiza, kisome mpaka mwisho, halafu uulize. Usikae na shaka peke yako ikikusemesha."

Jioni walikwenda wote wawili kwa Anti Mumbua. Hope aliungama mwenyewe. Anti Mumbua alicheka mpaka akashika ubavu, akasema kwamba kama yeye ndiye angemzaa, Hope angekuwa anajua kusuka. Kicheko kilipoisha, alimshika Hope mkono.

"Na ile damu yangu," aliuliza, "bado iko ndani yako?"

Hope alitamani kusema iko, kwa sababu aliona jibu hilo lingempendeza. Lakini alikuwa amekwisha kusoma habari za damu, na hakutaka tena kusema nusu.

"Hapana, Anti. Seli nyekundu za damu huishi kama miezi minne, kisha mwili unazivunja na kutengeneza zingine. Zako zilishaisha. Hii yote nimeitengeneza mwenyewe."

"Kwa hivyo sina changu hapo ndani."

"Huna. Lakini kama hungenipa zile, singefika siku ya kutengeneza zangu."

Hope akalia bila kujificha. Anti Mumbua alimvuta karibu.

"Umeona?" akamwambia. "Ungeishia kwenye "huna", ningeenda Kitui na huzuni. Kila ukisoma na kila ukisikiliza, fika mwisho."

Kisha wote watatu wakaanza kufunga vyondo kwa kamba, kwa sababu basi la Kitui lilikuwa la asubuhi.