Maharage Katika Tuta la Coleta

Asubuhi kengele ilipolia, wasichana wa makao ya watoto yaliyo nje kidogo ya mji wa Sumbawanga walitandika vitanda, wakanawa kwa maji baridi yasiyo na huruma, wakashika majembe. Ulikuwa mwezi wa tatu, wakati wa kulima matuta ya mviringo. Walifukia nyasi chini ya udongo zioze humo hadi msimu wa kupanda ulezi. Matuta ya Coleta, msichana wa miaka kumi na miwili, yalipendeza kuliko yote, na mwenyewe alilijua hilo vizuri sana.

Coleta alikuwa yatima. Familia mbili zilizomlea zilimshindwa. Ya tatu ilikuwa ya Mama Fortunata wa kijiji cha Msanzi. Huko nako alipiga wenzake, akavunja vyombo na kutoroka mara nne. Mama Fortunata alimwambia afisa ustawi wa jamii, "Mtoto huyu ana maumivu nisiyojua kuyatibu. Mpelekeni kwa wanaojua. Akipata nafuu, nyumbani ni kwangu."

Hapo makaoni alikaa miezi mitano. Kila siku alizungumza na mlezi wake, Madam Albina, aliyesomea kazi ya kusaidia watoto wa namna hiyo. Alijifunza kusema "nimekasirika" badala ya kurusha sahani. Sasa Mama Fortunata angekuja Jumamosi, yeye na Madam Albina waamue kama Coleta yuko tayari kurudi kwake. Coleta alilitamani jambo hilo hadi akawa anahesabu siku.

Alhamisi, baada ya mvua kubwa, rafiki yake Debora alisimama ghafla shambani. "Coleta! Tuta lako limeota nini?"

Lilikuwa fungu zima la maharage, yamesongamana mahali pamoja. Wiki mbili nyuma mbegu za maharage zilipotea stoo, na Coleta aliapa hajui lolote. Kumbe alizitia katika soksi kuukuu akazifukia humo, maana tuta halifunuliwi hadi msimu ujao. Alisahau kwamba mbegu ikipata unyevu huota.

"Ng'oa upesi," Debora alinong'ona. "Mimi sijaona kitu."

Coleta akang'oa yote, akasawazisha udongo.

Jumamosi Mama Fortunata alifika, akapokea shikamoo ya Coleta, akamkumbatia. Madam Albina akawapeleka wote wawili kuona shamba. "Mwanangu, umelima wewe haya yote?" Mama alishangaa. Walipofika tuta la mwisho, Coleta akashindwa kuvumilia.

"Hili nililiharibu, mama. Niliiba maharage nikayaficha humu. Nikaapa uongo. Yalipoota nikayang'oa."

"Kwa nini uibe, na hapa mnakula mara tatu?"

"Nikilala naogopa kesho hakutakuwa na chakula. Kule nilikolelewa kwanza walikuwa wanafunga jiko kwa kufuli." Akaanza kulia. "Basi sitarudi nyumbani?"

Mama Fortunata naye alifuta machozi. "Utarudi. Ila mbegu utazilipa kwa jasho lako."

Kwa wiki tatu Coleta alichambua maharage stoo bila kununa. Mama Fortunata alipokuja tena alileta kopo lenye kifuniko, limejaa karanga za kukaanga. "Hili ni lako, likae kando ya kitanda chako. Likiisha, sema, nitalijaza."

Mwezi wa sita Coleta alirudi Msanzi na kopo lake. Mwanzoni lilijazwa kila baada ya siku mbili, kisha kila wiki. Mwezi wa nane Madam Albina alipomtembelea, alilikuta limejaa, kifuniko kimefunikwa na vumbi.

"Huli karanga siku hizi?"

Coleta alishtuka. "Nililisahau, Madam!"

Madam Albina alicheka kwa furaha. "Siku ile ungenyamaza tungekuruhusu uondoke, na hofu yako ungeondoka nayo. Ulipotuambia kweli ndipo tulipojua pa kukusaidia. Mtoto mwenye shida asione haya kuisema kwa mtu mzima anayemjali."

Coleta alipangusa vumbi kwa kiganja, akafungua kopo, akamsogezea mgeni wake kwa mikono miwili.

"Karibu karanga, Madam. Chukua nyingi tu, zipo."